Tyubu Iliyopasuliwa kwa Wembe

Juzi, dukani kwa mfamasia hapa Musoma, nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu mwenye ukurutu ulioingiwa vijidudu. Mfamasia alitupatia tyubu ya krimu. "Mpake kidogo tu, bibi," alisema, nami nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa tunaishi kijiji cha ujamaa nje ya Bunda. Ukurutu wa viwiko vyangu ulikuwa umetunga usaha, unanuka kama maziwa ya mgando. Zahanati ilimpa mama tyubu moja. Kila siku alinipaka tone dogo kama punje ya mtama, nikamwona mchoyo, maana bibi alitupakaga samli mpaka tunateleza.

Mchana mmoja mama alikwenda kupalilia pamba kwenye shamba la kijiji. Shuleni tulifundishwa kugawana, basi nikawapanga wenzangu watano ukutani, nikawapaka dawa uso mzima. Waling'aa kweli.

Mama aliporudi alikuta tyubu imekuwa bapa. Hakunipiga.

"Umegawa vizuri, mwanangu," alisema. "Ila wao hawaumwi."

Akaipasua kwa wembe, akakwangua kilichobaki kwa kidole, akanipaka taratibu. Kidole kile kilikuwa na mipasuko inayotoa majimaji. Nilidhani jembe limemchubua.

Mfamasia aliniuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyekuwa na ngozi kama hii.

"Mama yangu," nilimjibu. "Mikono yote miwili."

"Yeye alipakaga dawa gani?"

"Alinipaka mimi."