Kuchagua Roboti Ndani ya Eda

Mume wangu alikufa akiwa bado anachagua roboti. Alikuwa fundi umeme kwenye makarasha ya Geita, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi la mawe lilimkaa kifuani mpaka likamlaza. Nikamrudisha nyumbani Shinyanga. Akawa analala kitanda cha dirishani, simu mkononi, akitazama video za roboti zenye umbo la mtu, zile zinazouzwa vipande vipande ukaunganishe mwenyewe: mota za magoti, mota za nyonga, nyaya, betri, na mfuko wa skrubu ndogo za kupotea.

"Zimebaki mbili," aliniambia. Zilibaki mbili kwa muda mrefu sana. Moja ndefu, inakunja goti na kutembea kwa madaha kama bwana harusi. Nyingine fupi, miguu minene, inatembea kama bata. Moyo wake ulikuwa kwa ile ndefu ila hakuthubutu kuagiza, eti asije akakosea. Mimi nilisema chukua fupi, yaishe.

"Mchagua nazi hupata koroma," nilimwambia. Bibi yangu wa Pangani alikuwa akinisemea hivyo kila nilipokataa mchumba.

"Nazi zenyewe Shinyanga ziko wapi?" akajibu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Kila asubuhi nilimnyanyua ili kifua kipate hewa. Napitisha mikono yangu kwapani mwake, naweka goti langu kwenye ukingo wa kitanda, nasema, "Haya baba, tuamke." Mwanzoni alikuwa mzito, nikimlalamikia. Baadaye hakuwa mzito tena, na hilo ndilo lililonitisha. Halafu asubuhi moja niliingia na chai nikakuta amekwisha kwenda.

Nikakaa eda. Watu walitegemea nilie, nami sikulia. Dada yangu alikuja kila alasiri kunichungulia uso kama anayetazama wali umeiva au bado. Nilikula nilichopewa, nilioga, niliswali, nilijibu salamu. Wakasema nina subira. Haikuwa subira. Sikuwa na huzuni wala sikuwa na nafuu, sikuwa na kitu. Asubuhi nilizinduka saa ile ile, mikono ikitangulia mbele yangu, nikikuta hakuna cha kunyanyua nairudisha chini ya shuka.

Basi nikachukua simu yake. Roboti zote mbili zilikuwa bado zimefunguliwa. Nikaanza kuchagua. Jirani akasema, mjane gani huyu anayetazama midoli ndani ya eda? Nikamwambia anywe chai yake anyamaze. Sikukasirika hata kidogo, na ndipo nilipojua hali yangu si nzuri, maana mimi kwa hasira sijambo.

Siku moja baba mkwe alikuja kutoka Kishapu, amebeba michembe, viazi vyao vile vya kukausha. Ni mfugaji, mzee wa maneno machache. Alikaa karibu na mlango, mbali nami, kwa heshima. Kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawapokezani kitu mkono kwa mkono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kuna kitu alitaka kununua. Nikione."

Nikaweka simu juu ya kigoda, nikarudi nyuma. Akainuka, akaichukua, akatazama. Hakuuliza vile vitu vimetengenezwa wapi wala vinafanya kazi gani. Aliirudisha kigodani, akaniambia nizirudishe zitembee tena, kisha tena. Alikuwa anachagua ng'ombe. Mnadani hufanya hivyo hivyo: ng'ombe apitishwe kwanza, rangi itatazamwa nyumbani.

"Ndefu inapendeza," akasema. "Fupi inakanyaga vizuri. Zikianguka?"

Hilo hatukuwahi kuliuliza, si mimi wala marehemu. Nikatafuta, nikaweka simu kigodani, akaichukua. Fupi ilianguka, ikajisukuma kwa mikono, ikasimama. Ndefu ilianguka kifudifudi na miguu ikaendelea kupiga hatua hewani, mpaka mtu alipokuja kuiokota.

Mzee alitazama ile ya pili kwa muda mrefu.

"Chukua fupi," akasema. "Kiangazi kikiwa kibaya, ng'ombe wanalala chini hawaamki. Asubuhi tunawanyanyua, huyu ashike mkia, huyu bega. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Mwisho anakufa tu, wewe umebaki na mikono. Nimenyanyua wengi, mama. Usinunue kitu cha kunyanyua."

Akairudisha simu kigodani. Alikuwa anakitazama kitanda cha dirishani. Nilijua kwamba amesema kweli, na kwamba hata mimi tangu mwanzo nilisema fupi. Nikamshukuru. Akarudi kwake.

Kesho yake asubuhi nilizinduka saa ile ile. Mikono ikatangulia. Nikakaa, nikachukua simu, nikaagiza ile ndefu.

Ilifika nikiwa nimeshatoka eda. Niliiunganisha polepole mezani kwa bisibisi yake, nikifuata video zake, bila furaha yoyote, kama mtu anayechambua mchele. Skrubu mbili zilipotea, nikaweka nyingine. Nilipomaliza niliisimamisha sakafuni nikaiwasha. Ikakunja goti vizuri, kwa madaha, kama marehemu alivyoipenda. Ikatembea mpaka karibu na kitanda, ikaanguka kifudifudi, na miguu ikaendelea.

Nikapiga magoti. Nikapitisha mikono kwapani mwake.

"Haya baba, tuamke," nikasema, na sauti ilikuwa ile ile ya asubuhi zote. Nikalia hapo hapo sakafuni, na yenyewe bado inapiga hatua mikononi mwangu.