Gari la Mbao Nyuma ya Karakana

Watu wengi hupima kwa macho na wachache hupima kwa futi, lakini seremala mmoja alipima hata visivyohitaji kupimwa. Futi yake ya chuma, ile inayojirudisha yenyewe ndani ya kikopo chake, ilining'inia kiunoni kuanzia asubuhi hadi wakati wa kulala. Siku ya arusi yake aliipima keki kabla haijakatwa, akamnong'oneza bi arusi kwamba imeinama upande mmoja kwa nusu sentimita. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Mtaani aliitwa Futi, na watoto wake wawili, wa kike na wa kiume, wakaitwa Inchi, yeyote atakayeitika.

Basi mwaka huo gari dogo la nyumbani kwa Futi likakata roho. Makanika aliisikiliza injini kwa muda mrefu, akashusha boneti polepole, akafuta mikono na kusema, "Poleni sana."

Mtu mwingine angehuzunika. Futi naye alihuzunika, lakini kwa siku moja tu, kwa sababu msiba ule ulimletea swali, na yeye swali likimwingia kichwani halali. Gari gani sasa? Barabara ya kwao ilikuwa na korongo lililochimbwa na mvua, kwa hiyo gari la chini halikufaa tena. Kwenye yadi ya muuza magari, karibu na mzunguko, yalisimama mawili yaliyotumika, yote ya juu, yote yenye nguvu ya kuvuta kwa magurudumu manne. Moja lilikuwa pikapu ya milango minne, yenye bodi ndefu nyuma. La pili lilikuwa SUV ya siti saba, iliyofunikwa yote hadi nyuma, kama nyumba yenye magurudumu.

Moyo wa Futi ulikwenda kwenye pikapu. Aliiona bodi ile akaona milango, vitanda na plaiwudi zikipangwa humo bila kuhangaika. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na cherehani yake ilikuwa sebuleni, aliitaka SUV. "Watoto wawili, mikoba ya shule, na majora yangu ya vitambaa," alisema. "Mvua ikinyesha, hivyo vyote utavitia bodini?"

Lakini aliyekuwa na haki kubwa zaidi juu ya gari lile hakuwa amesema kitu. Huyo alikuwa mama yake Futi, aliyeishi nao. Tangu alipoteleza bafuni, goti lake la kulia lilikataa kukunjika sawasawa. Zamani kila Jumapili alikuwa akipelekwa kumtembelea rafiki yake wa tangu shule ya msingi, aliyeishi ng'ambo ya mji, juu ya kilima cha mawe. Wazee wale wawili walikaa mchana kutwa wakisengenya watu waliokwisha kufa. Sasa ilikuwa miezi mitano hajaenda. Hata kabla gari dogo halijafa, kila Jumapili alikuwa na neno: leo kichwa, leo usingizi, leo sijisikii. Rafiki yake hakuweza kuja, kwa kuwa alitembea kwa mkongojo. Simu haikuwasaidia, maana mmoja hakusikia vizuri na mwingine aliishika simu juu chini.

Futi aliamini kwamba mama yake anashindwa kupanda gari, hana shida nyingine. Akajiapiza kuwa gari lolote litakaloingia pale nyumbani, sharti mama alipande, afike kwa rafiki yake. Kama pikapu ingetimiza sharti hilo, heri.

Alikwenda yadini na mkewe. Alipima urefu wa siti kutoka chini, upana wa milango, nafasi ya miguu, hata umbali kutoka kishikio cha mlango hadi sikio la mtu aliyekaa. Muuzaji alimfuata nyuma, miwani ya jua juu ya kipaji.

"Bosi, unalinunua au unalishonea suti?"

"Mshonaji ni huyu," Futi akajibu, akimwonyesha mkewe. "Mimi napima tu. Hebu niambie, kwa nini mlango wa nyuma wa pikapu ni mwembamba kuliko wa mbele?"

Muuzaji alikuna kidevu. "Miaka tisa nauza magari, hilo sijaulizwa."

"Na mgongo wa siti ya nyuma mbona umesimama wima namna hii?"

"Nyuma yake kuna ukuta, kisha bodi. Ulale wapi, bosi?"

Futi aliandika yote kwenye kipande cha plaiwudi kwa penseli ya useremala. Siti ya pikapu ilikuwa sentimita tisini kutoka ardhini. Ya SUV ilikuwa sabini na nne.

Walipomweleza mama kwamba wangempeleka yadini ayajaribu, alicheka kicheko kikavu. "Nikapandishwe na kushushwa mbele za watu kama gunia? Nendeni nyinyi."

Muuzaji naye alikuwa amesema gari halitoki yadini kabla halijanunuliwa. Mtu mwingine angenunua kwa kubahatisha. Futi alikwenda nyuma ya karakana yake, akakusanya mabaki ya mbao, na kwa siku tatu akajenga magari yote mawili.

Hayakuwa na matairi wala paa. Kila moja lilikuwa na benchi mbili, miimo ya milango, na mgongo wa siti uliolala au kusimama kama yalivyokuwa yale ya kweli. Usukani ulikuwa mfuniko wa ndoo. Jirani yake mchomeleaji vyuma, aliyeitwa Cheche, alikuja akaegemea ukuta.

"Jirani, hayo yanatumia petroli au vanishi?"

"Yanatumia maswali."

"Basi hayatazimika, maana tangi lako halijawahi kukauka."

Siku ya tatu jioni, Futi alikuwa akimweleza mkewe vipimo kwa furaha. Mkewe alitoa pini mdomoni.

"Umepima magari mawili, Baba Watoto. Mama umempima?"

"Mama namjua tangu nizaliwe."

"Mimi sijawahi kumshonea mteja gauni kwa kupima kabati lake."

Akachukua utepe wake wa kitambaa, akaenda chumbani kwa mkwewe. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo. Akampima kutoka sakafuni hadi nyonga, kisha akamwomba akunje goti hadi linapokataa.

"Gauni hilo la nini, mwanangu?" mama akauliza.

"La kusafiria, Mama."

"Halina ukosi?"

"Lina milango minne."

Mama alicheka, safari hii kicheko cha kweli. Nyonga ilikuwa sentimita sabini na sita.

Jumamosi mchana kila mtu alikuwa nyuma ya karakana. Watoto walikuwa wamekwisha kusafiri mara sita bila kuondoka mahali. Mama alisimama mbali, ameshika fimbo yake.

"Mimi si kabati, mwanangu," alimwambia Futi. "Usidhani utaniingiza humo kwa kunigeuza ubavu."

"Bibi, panda, tunaondoka!" akapiga kelele mjukuu wake wa kike, akishika mfuniko wa ndoo.

"Mnaenda wapi?"

"Popote!"

Bibi aliinua nyusi. Udadisi wa Futi haukutoka hewani. "Haya," akasema. "Na mimi nakaa wapi?"

Moyo haufichiki. Futi alimwongoza kwanza kwenye pikapu. Alikuwa ameitengenezea hata kipandio, akakipiga msasa kisimkwaruze mtu. Mama alishika mwimo wa mlango, akaweka mguu mzima juu ya kipandio, akajivuta. Mguu mbaya uligonga mwimo wa mlango ule mwembamba. Akauinua kwa mikono yake miwili, akauingiza. Akakaa.

"Umeona?" Futi alimgeukia mkewe, uso unang'aa. "Amepanda!"

"Kupanda nimepanda," mama alisema kutoka juu. "Sasa nishuke."

Mama aligeuka, akatazama chini, akaona magoti yake tu. Mguu wake ukakitafuta kipandio hewani kama mkono wa mtu anayepapasa swichi gizani. Haukukipata. Futi akaruka, akamshika makwapani, akamshusha kama alivyomshusha siku zote.

"Hapo!" mama alisema kwa sauti iliyowanyamazisha hata watoto. "Hapo ndipo ninapopachukia."

"Nimekuumiza, Mama?"

"Hujaniumiza. Sikiliza. Kupanda napandia nyumbani, ananiona nani? Kushuka nashukia kwa watu. Pale getini kwa rafiki yangu kuna duka, kuna vijana, kuna wapita njia. Unanivuta nje, miguu inaning'inia, na yeye anatazama kibarazani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshinda mbio shuleni."

Futi alibaki ameshika futi mkononi. Alikuwa na vipimo arobaini na tatu kwenye kipande cha plaiwudi, na vyote vilikuwa vya kuingia. Hakuna hata kimoja cha kutoka.

"Jaribu lile jingine, Mama," mkewe Futi akasema taratibu.

Kwenye SUV ya mbao mama hakupanda. Aligeuka, akaipa benchi mgongo, akaketi, kisha akaingiza miguu, kwanza mzima, halafu mbaya, na mlango ulikuwa na nafasi. Akakaa kidogo akitazama mbele kama aliye safarini. Kisha akaitoa miguu. Nyayo zote mbili zikagusa ardhi. Akashika mwimo, akasimama.

Hakuna aliyemgusa.

Akaketi tena, akasimama tena. Mara ya tatu. Mara ya nne haikuwa na sababu yoyote ila raha.

"Hapa nainuka mwenyewe," alisema, na kwa kuwa alikuwa na furaha, ulimi ukateleza. "Si kama kile kiti chako kinachonimeza."

"Kiti gani?" Futi akauliza.

Mkewe akaanza kutafuta sindano ambayo haikupotea.

Kiti kilikuwa kimoja tu. Futi alimtengenezea mama yake alipotimiza miaka sitini, kwa mbao ngumu, mikono yake imechongwa kama mawimbi, na wateja waliokuja nyumbani walionyeshwa kiti kile kabla ya kuonyeshwa picha za watoto. Alikwenda sebuleni, wengine wakamfuata. Akapima. Sentimita thelathini na nane.

"Ndiyo maana unashinda kitandani," alisema polepole. "Nilidhani unapenda kujipumzisha."

"Kitanda kiko juu."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ulikipiga msasa wiki nzima, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na Futi alisimama pale akaona jinsi alivyoingiza kichwa chini ya magari ya watu kutafuta jibu, na jibu limekaa sebuleni mwake miaka minane, limepakwa vanishi. Alikipindua kiti palepale. Kabla ya jua kutua kilikuwa na miguu mipya, na mama alikaa juu yake akimenya viazi na kuamrisha kila mtu aliyepita.

Usidhani aliiaga pikapu kwa urahisi. Jioni ile alikaa peke yake ndani ya pikapu ya mbao, akaushika mfuniko wa ndoo. Alijua mbao ndefu zingekaa juu ya keria la SUV. Plaiwudi nzima isingeingia popote. Cheche alimkuta hapo.

"Tela nitakuchomelea mimi," alisema bila kuulizwa. "Siku za plaiwudi unaifunga nyuma, siku nyingine inabaki hapa. Ila kwa sharti moja. Mimi usinipime."

Jumatatu SUV ilivuka korongo la mtaa wao bila kugusa tumbo. Jumapili ilipanda kilima cha mawe, na njia nzima mama hakutaja kichwa wala usingizi. Dukani pale getini vijana walikuwepo, kama kawaida. Kibarazani yule rafiki alikuwa ameketi, mkongojo umelala mapajani.

Futi alishuka upesi, akazunguka kwenda mlango wa mama yake, mikono tayari imenyooka.

"Rudisha mikono yako," mama alimwambia.

Akaizungusha miguu. Mzima, halafu mbaya. Nyayo zikagusa changarawe. Akashika kishikio, akasimama, akanyoosha gauni lake na kutembea hadi kibarazani kwa fimbo, mdogo mdogo, kama mtu asiye na haraka kwa sababu amekwisha kushinda.

"Nani kakushusha?" rafiki yake akauliza kwa sauti kubwa.

"Nimeshuka."

"Umefanyaje?"

"Nimeshuka!" mama akarudia, hata vijana wa dukani wakageuka.

Rafiki yake aliegemea mkongojo, akainuka, akaenda garini. Alilizunguka, akachungulia ndani, akaweka kiganja juu ya siti na kuibonyeza kama mtu anayechagua godoro.

"Liko juu kiasi gani hili?"

Mama alimgeukia mwanawe.

"Wewe umesimama tu? Toa futi. Mpime mwenzangu."