Aliyekalia Ngozi ya Dunia

Siku kumi na tatu Monna Tessa aliihangaikia ngozi ile ya ndama: kuiloweka kwenye chokaa, kuiwamba, kuikwangua mpaka ikalia kama ngoma. Firenze yote mwezi ule haikuwa na nyingine kubwa kama ile. Watawa wa ng'ambo ya mto Arno waliiagiza kwa ajili ya ramani ya dunia, ikiwa imeshapigwa mistari, na Bruda Anselmo angeifuata jioni ile ile. Ikiharibika, kazi za watawa zingehamia kwa Cione, jirani mwenye ngozi za matundu na ulimi wa asali.

Alipomaliza supu yake ya kunde akarudi karakanani, akamkuta mkwewe Bindo ameiinamia ngozi na ncha ya chuma. Mstari mmoja alikwisha kuuchora, katikati, toka shingoni hadi mkiani. Na alama ya ncha ya chuma haifutiki, ikipita imepita.

Bindo alikuwa karani, wala hakuchoka kuwakumbusha watu hilo. Akamweleza polepole, kama anayemlisha mgonjwa, kwamba barua ya watawa inataka nafasi kumi na nane za longitudo na nane za latitudo. Longitudo ni Kilatini, maana yake urefu; latitudo ni upana. Basi mistari ya urefu huenda na urefu: yote ataipitisha sambamba na mgongo wa ndama.

Monna Tessa akapima kwa macho. Nafasi kumi na nane zibanane upande mfupi, nane zijinyooshe upande mrefu? Nchi za watu zingetoka nyembamba kama utambi.

"Baba yangu alipima vitambaa miaka arobaini," alisema. "Ukipima urefu wa kitambaa, alama zinakifuata au zinakikata?"

"Mama, hii si sufu. Hii ni elimu."

"Haya, bwana elimu."

Akakusanya sketi yake, akakaa juu ya ngozi.

Bindo alibembeleza, akatishia kumwita mkewe. Mke akaja, akamtazama mama yake, akarudi jikoni. Jua likateremka. Kiuno kilimuuma bibi yule, lakini hakusogea hata kidole.

Bruda Anselmo aliwakuta hivyo. Aliposikia kisa alijikuna upara, akasema kwamba wa kale waliolitoa jina hilo waliishi kando ya bahari moja, imelala ndefu toka machweo hadi macheo, na dunia waliyoijua ililala vivyo hivyo. Upande huo mrefu ndio waliouita urefu. Mistari ya longitudo huukata vipande, upate kuhesabika.

"Kama kitambaa," akasema Monna Tessa, bado amekaa.

"Kama kitambaa, mama."

Akainuka, magoti yakialika. Mtawa akauona ule mstari wa katikati, akaupima kwa shubiri, akasema hauna ubaya. Utakuwa mmoja wa latitudo, na umekaa mahali pake hasa.

Bindo akatabasamu, mara ya kwanza tangu mchana.

"Unaona, Mama? Nilikuwa nimeanza vizuri."

Monna Tessa akamnyang'anya ncha ya chuma.

"Wewe shika rula," akamwambia. "Shika tu."