Wimbo wa Sikudhani, Jina la Paulina

Kama hukumwona Sikudhani wa Kitangari mwaka ule Paulina alipoingia chamani, basi wivu umeusikia tu kwa watu. Msinielewe vibaya, sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mama mkarimu, mkulima wa mihogo na mikorosho, mwenye mtoto mmoja, Abdulkadiri, na sauti ambayo Mungu alimpa kwa mikono miwili. Ila alipenda iwe sauti pekee. Hapo ndipo kasheshe yote ilipoanzia.

Chama chenyewe kilikuwa cha ngoma za jadi. Alikianzisha Mzee Alfani, Baba Mwanne, baada ya vijana kurudi kutoka mashamba ya karanga ya Nachingwea na santuri zao, wakawa wanacheza dansi la kushikana viuno na kuziita ngoma za wazazi wao ushamba. Alfani alikasirika kweli. Akazunguka Newala nzima, akateremka hadi Masasi. Waislamu akawafuata barazani, Wakristo akawasubiri nje ya kanisa. "Ngoma zikifa," akawaambia, "watoto wetu wakitoka jandoni tutawapokea na nini? Na santuri?" Watu wakaingia. Hakuna aliyelipwa kitu. Huyu alileta unga, yule ngozi ya kuwambia, mwingine majani makavu ya kuzipashia ngoma moto. Mpigaji mkuu alikuwa Kasiani, na aliyeanzisha nyimbo, wenzake wakaitikia, alikuwa Sikudhani. Akikohoa tu, uwanja ulinyamaza.

Ndipo akaja Paulina. Alitoka Chiwata, kaolewa na Yeremia fundi cherehani, mwanamke mdogo, mpole, mama wa mtoto mmoja, Yuliana, aliyezoea kuimba kanisani. Siku ya kwanza alisimama nyuma kabisa, akaitikia pamoja na wengine. Kasiani akageuza shingo. Basi, hilo tu. Lakini Kasiani hakuwa mtu wa kugeuza shingo. Kwa Sikudhani hakuwahi kuigeuza hata mara moja. Sikudhani aliona, na roho ikamuuma siku hiyohiyo.

Habari zikaja kwamba baada ya mavuno kutakuwa na maonyesho ya kilimo Masasi, na chama kimealikwa. Bwana Shauri, mzungu wa serikali, atakuwepo, na watu wa wilaya zote mbili. Mwanzishaji ni mmoja tu. Alfani alipoulizwa nani, alikuna ndevu akasema, "Tutaona."

Tutaona! Sikudhani alilala na neno hilo, akaamka nalo. Kuna nini cha kuona? Miaka yote walikuwa hawaoni?

Sasa, kule Kitangari maji yako bondeni. Wanawake wanashuka alfajiri na mitungi mitupu, wanapanda imejaa, na mteremko ule haumjui mgeni. Paulina, aliyekulia mahali penye maji ya karibu, aliteleza, mtungi ukavunjika. Akarudi kwa mumewe na ngata tu kichwani, kile kitambaa kilichoviringwa cha kutulizia mtungi. Kila mtu alimpa pole. Sikudhani naye alimpa pole, kisha akaenda shambani kwake mbiombio, jembe begani, moyo unamchezea kwa furaha.

Maana uwanja wa ngoma una sheria yake. Mtu akiimbwa kwa jina, hata akiimbwa vibaya, anaingia katikati anacheza. Akinuna, akilia, akiondoka, kajiaibisha, na mwenye aibu haanzishi wimbo mbele za watu. Tena aliyeimbwa anapaswa kuja kujibu kwa wimbo wake. Sikudhani alipiga hesabu zake: huyu mtoto wa kanisani atalia, tena atalia mapema.

Akatunga. Na hapo ndipo alipokosea, masikini, kosa la mtunzi. Angeutunga ovyo angepona. Lakini fundi kweli hajui kufanya kazi mbaya, hata kwa adui. Aliugeuza akilima, akaugeuza akipika, neno lililolegea akalitupa, mpaka ukakaa sawa mdomoni:

*Paulina kashuka na mtungi,*
*Kapanda na ngata.*
*Mume kamwomba maji,*
*Kampa ngata anywe.*
*Ee Paulina, tupe nasi tunywe.*

Jumapili alasiri, uwanja umejaa, aliuachia. Watu walikishika kiitikio mara ya kwanza tu, wakacheka hadi machozi. Macho yote kwa Paulina. Paulina alishika pindo la khanga yake, na Sikudhani akasema moyoni, haya, lia.

Paulina akafungua khanga ya juu, akaizungusha, akaifanya ngata, akaitua kichwani. Akaingia. Alipanda mteremko pale pale uwanjani, shingo imenyooka, kiuno kinatafuta njia, akateleza karibu kuanguka, akajizuia. Kisha akampigia magoti Yeremia, akamvulia ngata, akamnywesha. Jamani! Wanawake walipiga vigelegele, wakamtuza kwa kumfunga vitambaa. Kasiani alipiga ngoma kama aliyepagawa. Wimbo ukarudiwa, na kila uliporudiwa Sikudhani ndiye aliyeuanzisha, maana uliposimama walimpigia kelele aendelee.

Baada ya hapo wimbo haukushikika. Ulifika Mnyambe, ukafika Newala, ukarudi hadi Chiwata kwa kina Paulina. Wanawake waliupandia mlima. Abdulkadiri aliupigia mluzi akikata kuni, mama yake akamfokea bila kumwambia kwa nini.

Alfani akaja kwake, akakaa, akazunguka na habari za mvua na korosho.

"Mama Abdulkadiri," alisema mwishowe, "Masasi wanamtaka Paulina wa wimbo. Ataanzisha mwenyewe. Nyinyi mtamwitikia."

"Wimbo ni wangu, Baba Mwanne."

"Wako. Nani kabisha? Lakini jina ni lake."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, na Sikudhani aliingia akiwa amevaa khanga mpya. Masasi walikwenda. Paulina alisimama mbele, Bwana Shauri akapiga makofi nje ya mdundo, na Sikudhani katika mstari wa nyuma aliitikia kwa kinywa chake, ee Paulina, tupe nasi tunywe. Mwanamke wa Mnyambe aliyesimama karibu akamwuliza, "Mama, wimbo huu kautunga nani?"

"Mimi."

Mwanamke yule akamtazama, akacheka kwa adabu. "Sawa, mama."

Tangu siku hiyo Sikudhani alikuwa na tumaini moja: wimbo wa kujibiwa. Alishaona jina likiimbwa vibaya linavyotembea. Akangoja atukanwe. Kila ngoma alivaa vizuri, akasimama panapoonekana. Paulina aliimba hili na lile, na jina la Sikudhani hakulitaja. Subira ikamshinda, akamfuata nyumbani. Alimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, Mama Abdulkadiri."

"Marahaba. Mama Yuliana, mbona hujanijibu? Sheria unaijua."

Paulina akaweka ungo chini. "Haki ya Mungu nimejaribu. Nikienda maji nimejaribu, shambani nimejaribu. Sipati la kukuimba."

"Hupati? Nina mdomo mchafu. Nina kijicho. Muulize yeyote."

"Hayo ni maneno ya watu, mama. Mimi nilikuja hapa mgeni, hakuna aliyenijua, ukaniimba wewe. Nitakuimbaje kwa ubaya?" Akamtazama kwa macho yasiyo na hila hata kidogo. Angekuwa na hila, Sikudhani angepona.

"Tafuta tu," alisema Sikudhani. "Hata dogo."

"Nitatafuta, mama. Lakini sidhani."

Sikudhani akaaga. Njiani alikutana na wanawake wanapanda na maji, wanaimba. Aliwapisha. Mmoja akamwamkia bila kuukatisha wimbo, naye akaitikia marahaba, na kiitikio kikamtoka kinywani kabla hajakizuia.