Mstari wa Maji

Katika idara niliyoitumikia hadi kustaafu, hakuna gari lililoruhusiwa kuvuka maji ndani ya bonde hili bila kipimo. Nilikuwa afisa usafirishaji. Utaratibu huo niliukuta kwa madereva wa zamani, nikauandika na kuusimamia. Kila gari lilichorwa mstari mweupe kwenye madigadi ya mbele, vidole vinne chini ya mdomo unaoingiza hewa kwenye injini, na ndani ya buti kulikaa fimbo ya mwanzi yenye alama ya kimo kilekile. Dereva akifika kwenye maji anashuka, anakunja suruali, anatembea na fimbo hadi ng'ambo. Maji yakiwa chini ya alama, anapita. Yakiigusa, anarudi Ifakara na kuandika ripoti. Kwa miaka yangu yote idara haikuzamisha injini hata moja. Nayaeleza haya mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata hayataeleweka bila haya.

Nilipostaafu nilinunua gari kuukuu la kifahari, nikalichora mstari wake mweupe na kuweka fimbo ndani ya buti, kama kule idarani. Lilikuwa na silinda sita, viti vya ngozi, na mbao zinazong'aa mbele ya dereva. Enzi zake lilibeba wakubwa. Lilipofika kwangu ngozi ilikuwa imepasuka na injini ilivuta kwa uzito, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Vijana wa bodaboda kwenye kona yetu waliliita sofa.

"Mzee, sofa linahamia wapi leo?"

"Linakwenda Namawala," nilikuwa nikijibu, "na litafika kabla ya hizo baiskeli zenu zenye kelele."

Namawala anakaa dada yangu mkubwa, mkulima wa mpunga. Mpunga wake ndio ulionisomesha baada ya wazazi wetu kufariki, na hata sasa, ingawa nina mvi kumzidi yeye, nikiingia uani kwake naanza na shikamoo. Ana kisukari. Masika ya mwaka juzi alipata kidonda mguu wa kulia, na kila baada ya wiki mbili nilikwenda kumchukua na kumleta hospitali Ifakara. Daktari alinieleza mbele yake, bila kuzunguka: mguu ule ungeweza kuokolewa iwapo kidonda kingebaki kikavu na tarehe za kliniki zisingekosekana. Dada alisikiliza, kisha akaniambia tukiwa njiani, "Mimi bila mguu ni nini, mdogo wangu? Jaruba halilimwi kwa mdomo." Tangu siku hiyo nilijua kazi ya lile gari ni nini.

Kwa sababu hiyo nilikwenda gereji. Sikwenda kwa sababu hiyo peke yake, na sitaficha: maneno ya vijana wale yaliniuma, na nilitaka gari liitike ninapolikanyaga.

Fundi wangu ni mtu wa makamo, mtulivu. Baba yake alitoka pwani kuja kuuza vipuri hapa Ifakara. Aliniamkia, nikamwonyesha karatasi yangu.

"Nimekuja na orodha."

"Ya harusi, mzee?"

"Ya kazi. Isome."

Aliisoma, akafungua boneti, akainama kwa muda mrefu. "Gari hili haliumwi," alisema. "Limebanwa pua tu. Tuliache lipumue."

Tulikubaliana mambo ya kiasi, si ya vijana wa mashindano: plagi mpya, pedi bora za breki, shokapu ngumu zaidi, bomba la egzosi pana kidogo, na njia mpya ya hewa. Alinieleza kwamba hewa ya baridi huipa injini nguvu, na kwamba ile iliyokuwa ikivutwa kutoka juu, karibu na joto la injini, ilikuwa hewa iliyochoka. Angeondoa kasha la plastiki, aweke filta ya wazi, aishushe chini nyuma ya bampa, kwenye upepo. Yote haya niliyaandika kwenye daftari la gari, kila kifaa na siku kilipofungwa. Sina gari lisilo na daftari.

Siku ya kulichukua nilikuta madigadi ya mbele yamepakwa rangi upya kufunika kutu. Yaling'aa. Mstari wangu haukuwepo.

"Mstari uko wapi?"

"Upi, mzee? Ule mkwaruzo?"

"Ule si mkwaruzo. Ule ni kipimo cha maji."

Nilifungua daftari, nikamsomea: sentimita hamsini kutoka ardhini. Nikamtaka alete brashi na rangi nyeupe wakati uleule. Alileta, akachuchumaa, akapima kwa futi yake. Kabla ya kuchora aliinua uso.

"Lakini mzee, sasa hivi pua ya gari hili..."

"Chora."

"Nilikuwa nasema tu kwamba pua..."

"Fundi, mistari hii nimeisimamia kabla wewe hujashika spana. Chora."

Alichora. Ulitoka umenyooka kuliko ule wa kwanza. Nami, nikiwa bado na hasira ya mtu aliyeguswa mali yake, niliandika chini ya orodha: Alama ya maji imerudishwa mahali pake kwa amri yangu. Nikaweka sahihi.

Niliendesha kwenye lami hadi Kisawasawa na kurudi. Nakiri kwamba nilifurahi. Gari lilinyanyuka kwa sauti nzito, ya chini, isiyo na utovu wa adabu. Kwenye kona halikulala tena, na breki zilishika kwa ncha ya kidole cha mguu. Kwenye kona yetu mmoja wa wale vijana aliinua kidole gumba. Nilijifanya sikumwona.

Siku tatu baadaye ilikuwa zamu ya kliniki, na safari hii haikuwa kliniki ya kawaida. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Daktari alisema kwa simu: kesho asubuhi awe wodini kwangu, nitatoa vidole viwili, mguu utabaki. Akichelewa, sitoi ahadi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha. Nilifika Namawala saa tatu asubuhi bila tatizo, maji yakiwa ya kuchezea tu. Nilimlaza dada kiti cha nyuma, mguu uliofungwa bendeji safi juu ya mto, nikageuza.

Kurudi, korongo la kwanza lilikuwa limejaa. Ukingoni kulikuwa na mwanamume mwenye pawatila, trekta lile dogo la mkono, amebeba magunia na anajiandaa kuvuka.

"Mzee, nikuvute?" alisema. "Zima injini, nikufunge kamba. Hilo sofa litakunywa."

"Ahsante. Tuna kipimo."

"Kipimo cha nani?"

Nilitoa fimbo, nikakunja suruali, nikavuka kwa miguu hadi ng'ambo na kurudi, kama nilivyowafunza wengine. Penye kina kirefu kabisa maji yalikuwa vidole vitatu chini ya alama. Nilirudi kwenye gari nikiwa na amani kamili ya mtu anayefuata utaratibu. Dada aliniuliza, "Tunapita?" Nikamwambia, "Tunapita." Alijiegemeza, akafumba macho. Aliniamini, na hilo ndilo siwezi kulisahau.

Katikati ya korongo injini ilitoa mlio mmoja, kama chuma kikigonga jiwe, ikanyamaza. Haikukohoa wala kujaribu tena. Mwenye pawatila alikuwa ameshapanda ng'ambo na kwenda zake. Maji yalianza kuingia kwa milango, kwanza miguuni pangu, kisha yakapanda kuelekea kiti cha nyuma. Nilimbeba dada mgongoni. Yeye ni mwepesi sasa, lakini mimi nami si yule wa zamani. Hatua kumi kabla ya ukingo goti langu lilikataa, tukaanguka wote wawili, na mguu ule, wenye bendeji safi, ukazama kwenye maji ya matope ya mifugo na mashamba.

Hakulia. Alisema, "Basi. Inuka."

Tulikuwa tumetoka upande uleule tulioingilia. Korongo liliendelea kupanda na kufunga njia siku mbili. Alipofika hospitali ilikuwa siku ya tatu. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Hasira yangu ilikuwa kubwa na ilikuwa na mpangilio. Injini ilifunguliwa, maji yalikuwa yamevutwa ndani na konrodi mbili, vyuma vinavyoshika pistoni, zimepinda. Kwa hiyo kosa lilikuwa la aliyeigusa. Niliandika malalamiko kurasa nne dhidi ya fundi, nikayapeleka baraza la kata. Nilidai kwamba aliiharibu njia ya hewa bila kunitahadharisha. Kama kielelezo nilibeba daftari la gari, kwa kuwa sijawahi kusimama mbele ya kikao bila kumbukumbu.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Fundi alikaa kwenye benchi, kofia yake mikononi. Alipoulizwa alisema filta ilifungwa chini, mzee alikubali, na kwamba alitaka kusema jambo siku ile ya rangi lakini hakupewa nafasi. Nilisimama kumpinga. Nilisoma kwa sauti ukurasa wangu: plagi, pedi, shokapu, bomba, filta kushushwa nyuma ya bampa.

"Malizia ukurasa," alisema mwenyekiti.

"Yaliyobaki hayahusu njia ya hewa."

"Malizia, mzee."

Nikasoma: Alama ya maji imerudishwa mahali pake kwa amri yangu. Nikasoma na sahihi yangu.

Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama, miwani puani. Kule idarani mstari ulipimwa mara moja tu, siku gari linapokabidhiwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kubadilisha kitu ndani ya gari la umma. Nilikuwa nimeushika mstari na kuuacha mdomo wenyewe. Mdomo ulishuka, mstari ukabaki juu, na mimi ndiye niliyeurudisha pale, kwa kipimo sahihi cha gari ambalo halikuwepo tena.

Fundi hakucheka. Alisema, "Pole, mzee." Ningependelea anitukane. Nilifuta malalamiko yangu kwa maandishi palepale, nakala mbili.

Dada sasa anaishi kwangu. Jioni ya siku ya kikao aliuliza, "Wamesemaje?" Nilimsomea ukurasa uleule. Alivuta kanga juu ya mapaja.

"Kumbe fundi alitaka kusema."

"Alitaka."

"Nawe ukamwambia achore."

"Nilimwambia."

"Miche yangu iko kitaluni Namawala," alisema. "Nani ataingia majini?"

Gari limesimama chini ya turubai. Nilitoka asubuhi na futi, nikapima filta ilipo: sentimita thelathini na moja. Toa vidole vinne. Nikaandika kipimo hicho chini ya sahihi yangu, ingawa hakuna atakayekitumia.

Kisha nilipanda basi na dada kwenda Namawala, nikaingia jarubani mwenyewe. Dada aliletwa shambani na majirani, akaketi kwenye kingo juu ya ndoo iliyofunikwa, magongo pembeni. "Usikandamize hivyo," alifoka. "Bwana mkubwa, miche si mihuri." Nilipandikiza siku nne, mgongo ukakataa. Nilimaliza robo. Sehemu iliyobaki imeota magugu, na nimeiandika hivyo.