Simu Iliyokimbia Badala Yangu

Haya ninayoyasema ni aibu yangu mwenyewe, sikusingiziwa wala sikuonewa, na anayetaka kucheka acheke amalize, kwa sababu waliocheka kabla yake walikuwa wanawake thelathini kwa mpigo mmoja na sikufa. Lakini hasira sijaimaliza. Nawakasirikia wao kidogo, na nafsi yangu sana.

Mwaka ule wa korona, njia za mikoa zilipofungwa, mimi nilikuwa katika mji wa Ibra, mwendo wa saa mbili kutoka Maskati, kwa mama mkwe wangu, Bi Shemsa, na mwanangu Kais wa miezi minne, na mume wangu kakwama kazini Sur. Shoga yangu Zuwena alikuwa Nizwa kwa wazazi wake. Tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza mpaka sekondari, hakuna asilolijua kwangu. Maradhi yaleyale yakamchukua mumewe, kijana mzima, akazikwa mkewe hata uso wake hajauona, na Zuwena akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani, katika mji ambao hata asiye na eda alikuwa hatoki. Nasema alifungiwa mara mbili.

Mama yake akanipigia simu. "Rahma, mwenzio hali chakula. Amegeukia ukuta. Mtafutie neno, mimi yangu yamekwisha."

Neno nililolipata ni mbio. Kuna programu ya simu inayohesabu hatua, unaitia simu mfukoni unakimbia, na mwenzio aliko anaiona hesabu yako inapanda, na wewe unaiona yake. Nikamwambia Zuwena tushindane kila siku baada ya Alasiri, yeye azunguke ua wa kwao, mimi darini kwetu, juu ya paa la nyumba, na wa mwisho kwa wiki amwombee dua mwenzake. (Siku ya kwanza alinijibu, "Niache." Siku ya tatu akaniandikia, "Hatua mia mbili, usinicheke.") Shangazi zake wakaanza kunong'ona kuwa mwenye eda hakimbii, na mama yake akawajibu, "Ndani ya ua wangu, na kanzu yake, na mlango umefungwa, akikimbia anamkimbilia nani?"

Basi akakimbia. Mia mbili zikawa elfu, elfu zikawa elfu nne. Akaanza kula. Akaniletea sauti yake siku moja anahema, anasema, "Rahma, leo nimemaliza mizunguko hamsini na nimelia katika mitatu tu." Nililia mimi pia, wallahi, nikaona nimefanya jambo moja la maana katika mwaka ule mbovu.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo. Kais akashikwa na homa ya meno, hanyonyi vizuri, halali, na akilala ni lazima abembezwe katika kile kitanda cha mbao kinachoning'inia, kilichomlea mume wangu na ndugu zake wote, na Bi Shemsa anakiheshimu kuliko sisi sote. Alasiri ile sikuwa na miguu. Simu ilikuwa mle kitandani, pembeni ya mto wa mtoto, mimi nabembeza, nabembeza, na nilipoichukua nikakuta hatua elfu mbili. Elfu mbili, na sikuinuka mkekani.

Ningeweza kumwambia Zuwena, tungecheka sote. Sikumwambia. Yeye akawahi kuniandikia, "Mashaallah, na mtoto mgonjwa umekimbia? Basi mimi nina udhuru gani?" Nikaona aibu kuikanusha sifa ile, nikamjibu kwa alama ya moyo. Alama moja ya moyo.

Kesho yake nikairudisha simu kitandani, mara hii kwa makusudi. Keshokutwa pia. Bi Shemsa akaniuliza simu inafanya nini kwa mtoto, nikamwambia nimemwekea Kurani apate usingizi (na niliiwasha kweli, kwa sauti ya chini, ili nisiwe mwongo mtupu, kana kwamba hapo ndipo penye dhambi). Mama wa watu akafurahi, akawa ananipokea kubembeza, na mkono wake hauchoki kama wangu. Hesabu yangu ikapaa. Zuwena anakimbia elfu tano, mimi nina saba. Anakimbia saba, mimi tisa. Akavimba kifundo cha mguu, akakifunga kitambaa, akaendelea. Nilimwambia apumzike, akasema, "Wewe unapumzika?"

Hapo pia ningeweza kusema.

Wifi yangu Moza, ambaye hana dogo, akaipeleka habari yetu katika kundi la wanawake wa ukoo, Ibra, Sur, Nizwa mpaka Maskati, na kila mmoja akataka kukimbia na yule mjane hodari na yule mama hodari. Zuwena akachangamka kama zamani, akapanga mbio za Alhamisi, wanawake watupu, kila mtu aweke kamera mbele yake tuonane, na hesabu za wote zionekane pembeni ya picha. Sikulala vizuri wiki ile. Pumzi yangu niliijua.

Na badala ya kuumwa tumbo kama mtu mwenye akili, nikapanga. Tableti ya mume wangu nikaiegemeza ukutani ukumbini, niko mbele yake nimejifunga mtandio kiunoni, na simu nikaiacha ilipozoea, chumbani. "Mama, nakuomba umbembeze Kais mpaka nimalize." Akasema, "Kimbia mwanangu, usiwe na wasiwasi."

Tukaanza. Zuwena nilimwona kakonda, kanzu nyeupe, anazunguka ua kwa kuchechemea, anacheka. Nilikimbia pale pale nilipo kwa dakika labda sita, kisha kifua kikaziba, nikasimama, nimeshika magoti. Nikasema moyoni nitavuta pumzi kidogo tu. Na pembeni ya picha hesabu yangu inapanda. Inapanda vizuri, kwa mwendo mmoja, kuliko ya mtu yeyote.

Moza ndiye aliyeanza. "Jamani, mtazameni Rahma. Amesimama anakimbia."

Wengine wakapunguza mwendo, wakasogea kwenye kamera zao. Zuwena naye akasimama. Akaitazama picha yangu, akaitazama hesabu. "Rahma," akasema polepole, "simu yako iko wapi?"

Nilikuwa bado natafuta uongo wa tatu Bi Shemsa alipotokea mlangoni nyuma yangu, simu mkononi, Kurani inasomwa taratibu. "Mtoto keshalala zamani. Hii simu niendelee kuibembeza, au leo imetosha?" Halafu akaiona tableti, akawa na adabu zake. "Ah, Zuwena, mwanangu. Poleni na mazoezi."

"Shikamoo Bi Shemsa," Zuwena akasema.

Wakacheka. Thelathini. Mmoja alikaa chini kabisa kwa kicheko. Zuwena hakucheka. Alikaribia kamera mpaka nikaona jasho la juu ya mdomo wake. "Kila Alasiri nilikuwa nikisema kuna mtu mmoja anakimbia na mimi saa hii. Kumbe nilikuwa peke yangu." Picha yake ikazimika.

Jioni ile Moza alituma picha ya kitanda cha mtoto kilichovishwa viatu vya michezo. Sijamsamehe, na sisemi uongo kuwa nimemsamehe.

Zuwena hakunijibu. Mama yake aliniambia amerudi ukutani. Nikakaa nikajumlisha hatua zote za kitanda, elfu sitini na kitu, nikaanza kuzilipa. Kila Alasiri nilipanda darini na tableti, kamera wazi, simu mfukoni, nikawatumia kundi zima, wacheke watakavyo. Kais mgongoni kwa bibi yake, naye Bi Shemsa (niliyemwambia kweli yote) ameketi kivulini ananihesabia kwa tasbihi. Nilitapika mara moja. Siku ya kumi na tisa zikaisha, nikaandika, "Zimekwisha."

Kabla ya Magharibi niliifungua ile hesabu. Jina la Zuwena, ambalo lilikuwa sifuri tangu Alhamisi ile, lilikuwa na hatua mia mbili.

Eda yake ikaisha, njia zikafunguliwa, nikaenda Nizwa. Akanikumbatia mlangoni, sote tunalia, kisha akanyoosha mkono na kusema, "Lete simu." Nikampa.

Sasa tunakimbia pamoja kila nikienda, mimi na yeye, kandokando ya mashamba ya mitende. Tumepatana, tunacheka. Sijamdanganya tena hata kwa kikombe cha chai, na sitomdanganya. Lakini mpaka leo, tukianza kukimbia, simu yangu anaibeba yeye.