Mwimbaji wa Kijapani Katika Posa ya Ramadhani

Niliondoka Bujumbura asubuhi kwa sababu mbili: kumposea mpwa wangu Ramadhani, fundi cherehani wa Rumonge, na kumwonya aachane na Tokimi. Huyu ni mwimbaji wa Kijapani mwenye nywele za rangi ya waridi. Picha yake imetundikwa juu ya cherehani, mahali ambapo mtu mwenye adabu angetundika kalenda.

Njiani, ziwa likiwa mkono wa kulia, nilisoma kwenye simu habari zote za maisha yake, nikatazama na nyimbo zake, kwani haifai kulaani jambo usilolijua. Alizaliwa katika bandari ya wavuvi. Kwa miaka mingi aliimba kwenye ufunguzi wa maduka, na mara nyingi msikilizaji pekee alikuwa mama yake. Leo anajaza viwanja.

Rumonge, sokoni, wauza ndagala wawili, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wakiimba wimbo wake bila kuelewa neno hata moja. Niliharakisha hatua.

Alasiri tuliketi kijijini Kizuka, kwa wazazi wa Mwajuma, binti tuliyekwenda kumposa. Kwa desturi yetu, msemaji wa upande wa binti hutafuta sababu za kumnyima, na msemaji wa kijana sharti azijibu zote, la sivyo hurudi mikono mitupu. Msemaji wao, Mzee Bakari, mkamuaji wa mawese, aliweka chini chupa ya soda.

"Amahoro, bashemeji. Mutoto tungewapa. Lakini kijana yenu iko na bibi ingine mu butike, juu ya mashine. Anamuangalia kuliko anaangalia kazi. Suruali yangu iko na muguu moja mufupi."

Ramadhani alinitazama kama mtu anayezama. Hotuba yangu dhidi ya Tokimi ilikuwa tayari. Lakini kumlaani pale kungekuwa kukiri kosa. Nikasimama, nikamtetea.

"Wazee wangu, yule si mke, ni funzo. Mwanamke aliyemwimbia mama yake peke yake bila kukata tamaa anastahili kutundikwa mbele ya kila fundi. Kuhusu suruali, wimbo hauna hatia."

"Umesema vizuri, muzee," alijibu Bakari. "Sasa utuimbie."

"Na mikono pia," akaongeza shangazi mmoja, "vile yeye anafanya."

Nikiwa ndani ya koti na tai, niliinua mikono kichwani, nikafanya masikio ya sungura, nikaimba.

Sauti ya Mwajuma ikatoka chumbani, alikofichwa kama ilivyo ada: "Hapana, baba mukwe. Sungura ni mu kiitikio. Hapo iko paka."

Bakari akaichukua tena soda yake.

"Mumesikia? Amekwisha kumuita baba mukwe. Sisi tunabishana nini? Mumuchukue. Na suruali yangu irudi mbele ya harusi."

Jioni nilipanda gari la kurudi Bujumbura. Nilichojifunza ni kwamba mtu asisome mno habari za kile anachokusudia kukilaani. Kuhusu nywele za waridi, msimamo wangu haujabadilika hata kidogo. Tulipokaribia mjini, mama aliyeketi kando yangu aliniomba, kwa heshima zote, nishushe mikono.